Kabati la Chuma, Droo ya Tatu

Miaka kumi na tisa nimetunza karatasi
za Ashby Hollow, Pennsylvania:
watu mia tisa na ushei, daraja moja.

Kila ajaye kututengenezea barabara
namwambia kabla hajavua kofia:
dhamana mbili. Ya kwanza, kwamba kazi itakwisha.
Ya pili, kwamba waliokufanyia kazi watalipwa.
Muhuri wa mdhamini, sahihi ya wino.
Ndipo uguse koleo.

Diwani Clem Rauch hucheka:
"Verna, babu yangu alijenga daraja la kwanza
kwa kupeana mkono tu."
Kweli. Na mafuriko yalipolichukua
hakuna aliyejua ule mkono umezikwa wapi.

Ahadi ni deni, sawa.
Lakini mwenye ahadi akihama usiku
na malori yake, na mashine yake ya zege,
hata choo chake cha plastiki,
deni hubaki limesimama mtoni
kama nguzo mbili zisizobeba kitu.

Ndivyo walivyotufanya Wakely na Wanawe.
Septemba simu yao iliita.
Oktoba haikuita.
Novemba, barua ya mahakama: muflisi.

Baraza likakutana. Wakaijadili dhamana ya kwanza
muda wa saa tatu, kahawa mara mbili:
nani atamalizia, lini,
basi la shule lipite wapi.
Ya pili haikutajwa.

Walipoondoka nikafungua kabati la chuma, droo ya tatu,
nikasoma kifungu nilichokipiga chapa mwenyewe:
mwenye kudai ujira adai ndani ya siku tisini
tangu siku yake ya mwisho kazini.
Nikahesabu kwa vidole,
kisha kwa kalenda ya duka la mbolea.
Vijana wa nondo waliachishwa Agosti kumi na nane.
Tisini ni kesho.

Hakuna sheria inayomtaka karani kuendesha gari.
Nikaendesha.
Ng'ambo ni hatua mia mbili, taa yao naiona kutoka ofisini;
bila daraja ni maili kumi na saba
kwa kuzunguka machimbo ya mawe,
na theluji ya kwanza ilikuwa inashuka
kama mtu asiye na haraka.

Eusebio Tzoc alifungua mlango nusu.
Akaiona beji ya mji, uso ukamfunga.
Nyuma yake watu watano, sufuria moja.
"Hatujachukua kitu," akasema.
"Najua," nikasema. "Nyinyi ndio mmechukuliwa."

Wiki sita. Saa zao walikuwa wameziandika
kwenye kifuniko cha boksi la buti,
vijistari vitano vitano, jina kwa jina,
na siku ya mvua kubwa wameandika nusu,
kwa sababu walifanya nusu.
Nimepitia vitabu vya wahasibu wenye tai.
Sijaona hesabu safi kama ile.

Tulijazia fomu juu ya boneti,
injini ikiunguruma ili chuma kipate joto.
Kwenye fomu ya tatu wino ukaganda.
Eusebio akaitia kalamu kwapani, akasubiri.
"Huyu mdhamini," akauliza, "anatujua?"
"Hawajui," nikamwambia.
"Ndiyo maana tulimwandikisha."

Akacheka kidogo, kwa pua.
Kisha akatia sahihi, polepole,
kama anayefunga waya kwenye nondo.

Njiani kurudi, kwenye kona ya mto,
taa za gari ziliziangukia zile nguzo.
Vichwani mwao nondo zimechomoza, zinapata kutu,
na kila fundo la waya bado limekaza.

Posta hufunguliwa saa mbili.
Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni,
bahasha sita kifuani, buti zimelowa,
nikimtazama karani mwenzangu kupitia kioo
akitafuta funguo.